Sura ya 7: Ukurasa Ulioufunga Umekwenda Wapi?

"Nimeufunga kwa bahati mbaya. Utarudi kweli?"

Huwa naulizwa hivyo na watu wa kila aina: mwanafunzi anayeomba mkopo wa chuo, mwalimu anayejaza alama, mama anayeuza vitenge mtandaoni. Sauti huwa ya chini na mkono bado umeshika kipanya, kama mtu aliyevunja sahani ugenini. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakutumia Chrome. Ukurasa uliofungwa mara nyingi huzoleka. Shida ni kwamba huzoleka nusu, na nusu inayobaki chini ndiyo inayowatoa watu machozi.

Hili nililiona vizuri Karatu, asubuhi moja ya Julai. Mwezi huo pale mjini hapakaliki. Magari ya watalii yanapanda kutoka Mto wa Mbu na kupitiliza kuelekea lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na kila ofisi ndogo ya safari iliyo kando ya lami ina mtu anayekimbizana na saa. Nilikuwa kwenye benchi ndani ya ofisi moja ya namna hiyo, chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la spea na kibanda cha chipsi, nikisubiri lifti. Dada wa ofisini alikuwa amefungua kurasa 31 kwenye kompyuta ya mezani, nilizihesabu baadaye. Loji tano, ratiba ya ndege za Serengeti, hali ya hewa, barua pepe za wageni, na ukurasa mmoja uliokuwa na uzito kuliko yote: fomu ya kibali cha wageni saba, iliyotakiwa kukamilika ndipo itoke namba ya malipo, ile ambayo madereva wote wanaiita kontrol namba.

Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya sufu iliyovutwa hadi masikioni, aliingia kwa mara ya tatu.

"Mwanangu, wageni wameshamaliza chai."

"Samahani mzee, nimebakiza majina mawili tu."

Hayo mawili hakuyafikia. Umeme ulikatika. Kioo kikawa cheusi, feni ya kompyuta ikashusha pumzi na kunyamaza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile tukasikia injini ya Land Cruiser inavyounguruma pale nje. Dada alibaki ameweka vidole juu ya kibodi.

Umeme ulirudi baada ya dakika kama 20. Kompyuta ikawaka, kivinjari kikafunguliwa, na pembeni kikatokea kijisanduku kinachouliza kama arudishiwe kurasa zake. Akabofya. Kurasa zote 31 zikajipanga upya juu ya dirisha, kila moja mahali pake, naye akapiga makofi. Kisha akafungua ule wa fomu. Ulikuwa mweupe, kana kwamba haujawahi kuguswa.

Ndani ya dakika moja alikuwa amepata muujiza na msiba, vyote kutoka kwa programu ileile. Ukielewa kwa nini, umeielewa sura hii.

Maneno matatu kabla hatujaendelea

Kivinjari ni programu unayofungulia kurasa za intaneti: Chrome, Firefox, Safari, Opera Mini na ndugu zao.

Kichupo ni lile sikio dogo linalochomoza juu ya dirisha la kivinjari, kila ukurasa na lake. Ndilo linalokuwezesha kuwa na kurasa nyingi ndani ya dirisha moja.

Kipindi ni vichupo vyote vilivyo wazi kwa wakati mmoja, pamoja na mpangilio wake. Fikiria kipindi cha darasani. Kila mwanafunzi yuko kwenye dawati lake, daftari liko wazi, ubaoni kuna maandishi. Kengele ikilia wote wanatawanyika. Kurejesha kipindi ni kuwaita wanafunzi wote na kumkalisha kila mmoja kwenye dawati lake. Kilichokuwa kimeandikwa ubaoni ni habari nyingine. Neno hili lina maana ya pili pia, ya mlangoni, ambayo tutaifikia kwenye fomu.

Vidole vitatu

Kama umefunga kichupo sasa hivi, usianze kutafuta popote. Shikilia Ctrl na Shift kwa pamoja, kisha gusa T. Kichupo cha mwisho kufungwa kinarudi. Gusa T tena, kinarudi kilichofungwa kabla yake, na kuendelea hivyo kurudi nyuma. Ukiwa umefunga dirisha zima, dirisha zima litarudi na vichupo vyake. Kwenye kompyuta za Mac, badala ya Ctrl unashika Command. Njia hii inafanya kazi kwenye Chrome, Firefox, Edge na Safari, kwa hiyo ukijifunza mara moja umemaliza.

Kuna jambo zuri hapa ambalo wengi hawaligundui. Kichupo kinaporudi, hurudi na njia yake. Kama ulianzia kwenye matokeo ya utafutaji, ukaingia kwenye ukurasa wa loji, ukaenda kwenye bei za vyumba, mshale wa kurudi nyuma bado utakupeleka hatua kwa hatua hadi ulikoanzia. Hilo huwezi kulipata kwa kuandika anwani upya.

Mara nyingi mkosaji wa kwanza ni herufi W. Ctrl na W hufunga kichupo papo hapo bila kuuliza, na W imekaa ubavuni mwa E, herufi ambayo vidole huipitia kila mara. Kwa hiyo kama kichupo kimetoweka na una hakika hukukigusa, amini kwamba ulikigusa.

Firefox hukumbuka vichupo 25 vya mwisho vilivyofungwa katika kila dirisha. Zaidi ya hapo, au kama ulikifunga juzi na si leo, nenda kwenye historia, yaani orodha ya kurasa ulizopitia. Ctrl na H huifungua. Chrome huitunza kwa siku 90. Ina kisanduku cha kutafutia, lakini hapa watu hukosea: kisanduku hicho hutafuta kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye anwani yake, hakisomi yaliyokuwa ndani. Tuseme wiki mbili zilizopita ulisoma habari ya bei za vitunguu vya Mang'ola. Ukiandika jina la mkulima aliyetajwa aya ya tatu hutapata kitu. Andika "vitunguu", kwa kuwa neno hilo yaelekea lilikuwa kwenye kichwa.

Na kwenye simu?

Kwenye simu hakuna Ctrl wala Shift, na ndiko wengi wetu tuliko. Haya ndiyo ya kujaribu:

• Chrome ya Android: mara tu unapofunga kichupo, chini ya kioo hutokea kipande chembamba chenye neno la kutengua. Hukaa sekunde chache. Kiguse kabla hakijaondoka.
• Kikiwa kimeshaondoka, gusa vitone vitatu vya pembeni, kisha ingia kwenye orodha ya vichupo vya hivi majuzi.
• Safari ya iPhone: fungua mwonekano wa vichupo vyote, kisha bonyeza alama ya kujumlisha na usiachie. Orodha ya vilivyofungwa karibuni itajitokeza.

Wako pia wanaoapa kwamba vichupo vyao vimepotea vyenyewe. Mara hii wasikilize. Chrome ya Android huvihamishia kando vichupo ambavyo hujavigusa kwa siku 21, kwenye chumba chake cha vichupo visivyotumika. Havijafutwa, fungua mwonekano wa vichupo vyote utaona mlango wake. Safari nayo ina mpangilio wa kufunga vichupo baada ya siku, wiki au mwezi, na kuna watu huuwasha siku ya kwanza ya simu mpya kisha wakausahau.

Halafu kuna lile linalowasumbua wenye simu za kumbukumbu ndogo. Umefungua fomu, umejaza nusu, umetoka kwenda WhatsApp kunakili namba ya pasipoti. Ukirudi, ukurasa unajipakia upya na ulichoandika hakipo. Hukufunga chochote. Simu ilikosa nafasi, ikaulaza ukurasa wako ili WhatsApp ipumue. Kilichobaki kwenye kichupo ni anwani tu, na ulipokigusa kivinjari kikaenda kuuleta ukurasa upya kutoka mtandaoni. Dawa yake haina ufundi wowote: kusanya namba zote kwanza, andika kwenye karatasi, ndipo ufungue fomu.

Umeme ukikatika

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka vitu. Pa kwanza ni meza: kumbukumbu ya muda, ambamo kazi inayoendelea sasa hukaa. Pa pili ni kabati: diski, ambamo vitu hubaki hata mashine ikizimwa. Umeme ukikatika, meza hufutwa yote kwa mkupuo. Kabati halitikisiki.

Kurasa 31 zilirudi kwa sababu kivinjari kina tabia ya karani mwangalifu. Wakati wewe unafanya kazi, chenyewe kinaandika kabatini orodha ya vichupo vilivyo wazi. Firefox huandika kila baada ya sekunde 15 kama kuna kilichobadilika. Uwezo wa kurejesha kipindi uliingia Firefox katika toleo la 2, Oktoba 2006. Waliokuwa wakikaa kwenye intaneti kafe kabla ya hapo wanakumbuka: umeme ukienda, kila kitu kimeenda, na bado saa yako ya kulipia inahesabiwa.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona likiwaponza hata wazoefu. Kompyuta inawaka, kivinjari kinafunguka kikiwa kitupu, mtu anataharuki. Anakifunga. Anakifungua tena. Bado kitupu. Anafunga tena. Kila anapofanya hivyo anaanzisha kipindi kipya, na kivinjari hakiweki orodha za vipindi vya tangu enzi. Kinaweka chache za karibuni, mpya ikiingia ya zamani inatupwa. Kwa kufungua na kufunga, mtu anaifukuza kwa mkono wake mwenyewe orodha anayoitafuta.

Kwa hiyo kivinjari kikifunguka kitupu, kiache kilivyo. Jaribu vile vidole vitatu kwanza. Visipoleta kitu, ingia kwenye menyu, kwenye historia. Kwenye Chrome, juu kabisa utaona vilivyofungwa karibuni, na mara nyingi kuna mstari mmoja unaotaja idadi, kwa mfano vichupo 31. Gusa mstari huo, na vyote vitarudi. Firefox ina mstari wake wa kurejesha kipindi kilichopita, mahali hapohapo. Kama kazi ni nzito na hutaki kubahatisha, muite anayejua kompyuta kabla hujagusa lolote, umwambie anakili folda ambamo kivinjari hutunza vipindi. Kwenye Chrome inaitwa Sessions, kwenye Firefox ni sessionstore-backups.

Kwenye mipangilio ya vivinjari vingi kuna pia chaguo la kuendelea ulipoachia kila kivinjari kinapowaka. Kwa kompyuta yako mwenyewe, iliyo nyumbani kwako, liwashe. Kwa kompyuta ya watu wengi, tafadhali usiliguse. Sababu inakuja.

Kwa ufupi: Ctrl, Shift na T kwa kilichofungwa sasa hivi, historia kwa kilichofungwa jana, na umeme ukikatika, fungua kivinjari mara moja tu, kisha utulie.

Nyayo za Laetoli

Ukiwa Karatu huwezi kuzungumzia kumbukumbu ya njia bila kuitazama Ngorongoro. Ndani ya eneo la hifadhi, kusini mwa Olduvai, kuna mahali panaitwa Laetoli. Miaka kama milioni 3.66 iliyopita viumbe waliotembea kwa miguu miwili, kama sisi, walikatiza pale juu ya majivu ya volkano yaliyokuwa yamelowa. Majivu yakakauka na kugeuka sakafu ngumu, mengine yakaanguka juu yake na kuifunika. Timu ya mtafiti Mary Leakey ilizipata nyayo hizo mwaka 1978, katika mstari wa mita zipatazo 27. Za wanyama zilikuwa zimeonekana miaka miwili kabla, na kisa chake kinachekesha. Watafiti walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo, mmoja wao, Andrew Hill, akainama kukwepa, na alipokuwa chini akayaona yale mashimo kwenye mwamba.

Kutokana na nyayo zile tunajua mengi. Walielekea wapi, hatua ilikuwa na urefu gani, nani aliukanyaga wayo wa nani. Lakini hakuna anayejua walikuwa wakizungumza nini, wala kama kuna aliyebeba kitu mkononi.

Kumbukumbu ya kivinjari ni ya aina hiyo. Kinatunza ulikopita: anwani, saa, mfuatano. Ulichokuwa umebeba mkononi, yaani maneno uliyokuwa ukiyaandika wakati ule, hakikukiweka kwenye majivu. Ukurasa unaporudishwa, kivinjari hakitoi picha ya zamani kabatini. Kinaifuata anwani upya, kinabisha hodi kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza ukurasa, na kuletewa nakala mpya. Na nakala mpya ya fomu ni fomu tupu.

Sitaki kuzidisha chumvi. Firefox hujaribu kukumbuka maandishi ya baadhi ya fomu, na Chrome nayo mara nyingine hukurudishia aya nzima ukabaki unashangaa. Lakini fomu nyingi za siku hizi hujijenga zenyewe kila ukurasa unapofunguka, na zikishajijenga hufuta kilichokuwepo. Faili ulizoambatisha, kama nakala ya pasipoti, hazirudi kabisa; kwa sababu za usalama kivinjari hakiruhusiwi kujichagulia faili kwenye kompyuta yako. Ukiona fomu imerudi na majina, angalia viambatisho kabla ya kutuma.

Fomu, na mlinzi wa getini

Sasa ile maana ya pili ya kipindi. Unapoingia kwenye mfumo kwa jina na nywila, seva inakupa kitambulisho kidogo kinachokaa ndani ya kivinjari. Kinaitwa kidakuzi. Kila ukigusa kitu kwenye mfumo ule, kivinjari kinakionyesha, seva inakutambua, unapita. Ni sawa na kibali unachokitoa getini Lodoare. Na kama kibali, kina muda wake. Ukikaa kimya dakika kadhaa, mifumo mingi, hasa ya malipo, hukifuta kwa upande wake bila kukuambia. Wewe bado unaiona fomu mbele yako na unaendelea kuandika. Ukibofya kutuma, unatupwa nje: muda wako umekwisha, ingia tena.

Kipindi cha namna hii hakirejeshwi kwa vidole vitatu, kwa sababu hakikupotea kwako. Kilifutwa kule. Lakini kazi inaweza kuokolewa kama utaotea mapema. Ukiwa umekaa muda mrefu kwenye fomu, kabla ya kutuma, nakili maandishi marefu uyabandike kwingine. Kisha, bila kuufunga ukurasa ule, fungua kichupo kingine, ingia kwenye mfumo upya, urudi kwenye kile cha kwanza ndipo utume. Si mifumo yote inayokubali, ila ikikubali utakuwa umeokoa nusu saa.

Mtandao ukikatika ni tofauti na umeme ukikatika, na watu huchanganya mambo haya mawili. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini kwetu na kwa majirani kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo, ukurasa ulio mbele yako bado ni mzima. Uko mezani, haujaenda kokote. Kinachouua ni wewe kubofya kupakia upya ukitumaini mtandao utaamka: kivinjari kinautupa ukurasa ulionao, kinakwenda kuutafuta mpya, hakiupati, na unabaki na tangazo kwamba hakuna intaneti. Ikiwa umeshatuma na tangazo hilo limetokea, jaribu mshale wa kurudi nyuma. Mara nyingi fomu yako iko palepale, na majina yake.

Ukiulizwa kama unataka kuituma fomu tena, simama. Swali hilo maana yake ni kwamba fomu ilishatumwa mara moja, na huenda ilifika. Kagua kwanza barua pepe na ujumbe wa simu. Wageni saba wanaweza kugeuka 14 kwenye karatasi, zikatoka kontrol namba mbili, na anayelipa haraka akalipa zote. Kudai pesa irudi ni safari ndefu kuliko kwenda kreta na kurudi.

Kinachorudi kwako hurudi kwa jirani pia

Hadi hapa tumekuwa upande wa aliyepoteza. Sasa geuza kiti.

Steshenari ya Karatu ni ofisi ya umma isiyo na jina hilo. Asubuhi moja humo utaona fotokopi za vyeti, picha za pasipoti, maombi ya kazi, matokeo ya mtihani, maombi ya mkopo. Kompyuta moja hupitiwa na watu 20 kabla ya saa 6 mchana. Niliwahi kumwonyesha mwenye steshenari moja zile Ctrl, Shift na T, kwa nia njema, kwenye kompyuta aliyotoka kijana dakika tano kabla. Kichupo kilirudi. Ndani yake kilikuwa kikasha cha barua pepe, wazi kabisa, na barua ya juu ilikuwa ya majibu ya vipimo. Tulikifunga wote wawili bila kusema neno, tukawa tunaangalia mashine ya fotokopi.

Kijana yule alifunga ukurasa kwa kubofya alama ya msalaba akaamini ameondoka. Kufunga kichupo hakukutoi nje, kidakuzi kinabaki. Na kompyuta ile ikiwa imewekewa chaguo la kuendelea ulipoachia, vidakuzi ambavyo vingekufa kivinjari kikifungwa navyo hubaki hai. Ndiyo sababu niliyoiahidi.

Kwenye kompyuta isiyo yako:

• Tumia dirisha fiche, yaani lile lisiloacha historia. Kwenye Chrome, Ctrl, Shift na N.
• Ukimaliza, toka kwanza kwenye akaunti, kisha funga madirisha yote fiche, siyo moja.
• Futa ulichopakua. Nakala ya kitambulisho ikibaki kwenye folda ya vipakuliwa, dirisha fiche halijakusaidia chochote.

Dirisha fiche lina gharama yake. Ukilifunga kwa bahati mbaya, limekwenda. Vidole vitatu haviliiti, historia hailijui, na hakuna fundi wa kulirudisha. Chagua mapema unataka kulindwa na nani: jirani, au mkono wako mwenyewe.

Wenye steshenari nao wana lao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na pasipoti ya mteja iliyobaki kwenye kompyuta yako ni taarifa binafsi, hata kama wewe unaiona ni uchafu wa asubuhi tu. Kukiweka kivinjari kifute kumbukumbu zake kila kinapofungwa ni kazi ya dakika moja.

Vichupo 31 vya nini?

Nirudi kwenye ile ofisi. Fomu ikiwa nyeupe, dereva hakugomba. Alitoa simu mfukoni, akafungua picha za pasipoti alizozipiga jana yake jioni mapokezi ya loji, akaanza kusoma moja moja, herufi baada ya herufi, na dada akaandika. Majina ya Kipolandi yaliwachukua muda. Walipofika mgeni wa saba dada akasita, akayanakili yote saba kwenye faili tupu la maandishi, akalihifadhi, ndipo akabofya kutuma. Hakuna aliyemfundisha hilo. Nadhani alihisi taa zikicheza.

Nilipopita tena pale, miezi kadhaa baadaye, faili lile lilikuwa limekua. Sasa ni jedwali: jina, uraia, namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia. Linajazwa wageni wanapothibitisha safari, na siku ya kibali anabandika tu. Chini ya meza kulikuwa na UPS, kile kisanduku cha betri kinachoiweka kompyuta hai kwa dakika chache umeme ukikatika, na juu yake amekaa paka.

Ila vichupo vilikuwa 44. Nikamuuliza kwa nini asivifunge, ilhali sasa anajua kuvirudisha.

"Kaka," akasema, bila kugeuka, "nikivifunga nitakumbukaje kwamba nilitaka kuvisoma?"

Nikamwonyesha alama ya nyota iliyo pembeni ya anwani, ile ya kuhifadhi ukurasa kwenye vipendwa. Akaitazama, akaibofya mara moja kwa heshima, kisha akafungua kichupo cha 45.